Uzi: Gari lipo kwenye orodha, barabarani halipo. Vyombo vya dharura vinavyofuatilia na kuazimana vifaa

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa chumba cha operesheni muda mrefu, na kila likitokea tukio kubwa lawama ni ileile: vifaa havitoshi. Mara nyingi ni kweli. Ila kuna nyakati vifaa vipo, isipokuwa aliye kwenye tukio hajui kama vipo, aliye navyo hajui kama vinahitajika, na aliye katikati ameshika orodha iliyoandikwa na mtu aliyekwishastaafu. Uzi huu ni wa hilo la pili. Ya bajeti tuyaweke pembeni.

Tuanzie mbali kidogo. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliwaka. Wazimamoto wa Washington na miji mingine wakaja kwa treni pamoja na mashine zao. Kufika, hesi za mipira yao haziingiliani na haidranti (mabomba ya maji ya zimamoto) za Baltimore. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Msaada ulikuwepo, tena kwa wingi, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa chini kabla ya siku hiyo akauliza kama mpira wa huyu unaingia kwenye bomba la yule.

Sasa njoo 1970, California. Moto wa nyika siku 13, watu 16 wamekufa, majengo kama 700 yameungua. Safari hii hesi zilikuwa sawa. Tatizo lilihamia kwenye maneno: kila idara na majina yake ya vifaa, masafa yake ya redio, bosi wake. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa FIRESCOPE, uliotoa mfumo wa kuongoza tukio unaoitwa ICS, ambao sasa umeenea nchi nyingi. Watu wakisikia ICS hufikiria chati ya vyeo na makoti ya rangi. Kwangu mimi sehemu yenye thamani kuliko zote ni yule mtu anayekaa mlangoni na karatasi, akiandika nani kaingia, kaja na nini, na saa ngapi.

Nitaendelea kadiri nitakavyopata nafasi. Karibuni.

Kifaru_wa_Chuma

Nipo siti ya mbele. Weka nyama mkuu.

ZamuYaUsiku

Nyama hii hapa.

Ukisema kwenye redio "nileteeni gari la zimamoto", umeomba nini hasa? Wamarekani wameyapanga kwa madaraja. Daraja la 1 ni la mjini, pampu yake inasukuma angalau galoni 1,000 kwa dakika, karibu lita 3,800. Daraja la 3 ni la porini, tangi lake ni galoni 500, kama lita 1,900. Daraja la 6 ni pikapu yenye galoni 150 mgongoni na watu wawili. Yote matatu ni magari ya zimamoto. Ghorofa linawaka ukaletewa pikapu, umeletewa aibu. Moto uko mlimani ukaletewa lile kubwa la mjini, litaziba njia ya wenzake.

Waokoaji wa majengo yaliyoporomoka wana utaratibu wao. Baada ya matetemeko ya Mexico 1985 na Armenia 1988, timu zilizotoka nchi tofauti zilikuwa zimefanya kazi bila kujuana, na mwaka 1991 ukaundwa mtandao wa INSARAG chini ya Umoja wa Mataifa. Leo timu ya kiwango cha kati inatakiwa iweze kufanya kazi saa 24 kwenye eneo moja kwa siku 7. Timu nzito: maeneo mawili kwa wakati mmoja, siku 10. Kwa hiyo nchi iliyopigwa haihitaji kuuliza "mna watu wangapi?" Ikisikia "timu nzito moja" inajua imepata nini, na inajua itahitaji kuipatia nini.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: omba kazi, usiombe kifaa. Nimewahi kuona jenereta limeombwa, likaletwa, likashushwa kwa shangwe, halafu ikagundulika halikuja na waya na plagi yake haiingii kwenye pampu iliyokuwa inalisubiri. Kwenye fomu palisomeka "jenereta 1, limefika". Fomu haikudanganya. Aliyeomba angeandika "nataka umeme wa kuendesha pampu mbili hizi mpaka asubuhi", fundi wa upande wa pili angepakia waya mwenyewe bila kuambiwa.

Nukta7

Mkuu, nikuulize kwa heshima. Haya yote si GPS imeshamaliza? Kila gari lina kifaa, ramani iko ukutani, nukta zinatembea. Karatasi ya nini?

ZamuYaUsiku

Nukta inakuambia gari liko wapi. Haikuambii kama tangi lina maji, kama dereva amelala saa ngapi zilizopita, kama mitungi ya hewa imejazwa, wala kama gari hilo tayari limeahidiwa kwa mtu mwingine. Gari lenye injini mbovu lililoegeshwa kituoni linaonekana kwenye ramani vizuri kabisa. Tena linaonekana liko karibu kuliko yote.

MzeeWaPori

Hapo nakupinga kidogo, kijana wangu. Nimefanya kazi ya mioto ya porini, na nukta hiyo unayoibeza ina damu za watu.

Juni 30, 2013, Yarnell Hill, Arizona. Wazimamoto 19 wa kikosi cha Granite Mountain walizingirwa na moto wakafa. Ndege kubwa ya kumwaga dawa ya kuzuia moto ilikuwa angani muda huohuo. Waliokuwa juu hawakujua kikosi kiko wapi hasa. Kikosi kilikuwa kwenye orodha, kina jina, kina kiongozi, kina redio, ila mahali pake palikuwa pa kubahatisha. Baadaye, mwaka 2019, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dingell ambayo ndani yake kuna agizo la kuwa na mfumo wa kufuatilia walipo wazimamoto wa porini.

Kwa hiyo usimwambie kijana mwenzio kuwa ramani ni mapambo.

ZamuYaUsiku

Mzee wangu, shikamoo, na hoja nimeipokea. Kwa uhai wa watu walio mstari wa mbele, mahali ndiyo kila kitu. Mimi naongelea anayegawa kazi. Huyo anahitaji mahali na hali, vyote viwili, na hali haisomwi na setilaiti.

Nieleze hali. Kwenye ICS ziko tatu tu: imepewa kazi, iko tayari, haifanyi kazi. Huo ufupi ni wa makusudi. Nimeona vituo vyenye hali kumi na kitu ("njiani kurudi", "inasafishwa", "inasubiri kibali"), na matokeo yake kila mtu anachagua anayoipenda. "Tayari" ndiyo inayochakachuliwa zaidi. Kwa mafunzo ya FIRESCOPE, gari lililo eneo la kusubiria linatakiwa liweze kuondoka ndani ya dakika 3. Sio "dereva yuko jirani hapo anakula". Watu wamekaa na gari, au gari si tayari.

Na sasa ile karatasi aliyoiuliza Nukta7. Kuna kitu kinaitwa kadi za T. Ni kadi ngumu zenye umbo la herufi hiyo, zinachomekwa kwenye ubao wenye mifuko ili kichwa cha kadi kibaki nje. Waridi ni magari ya zimamoto, bluu helikopta, chungwa ndege, kijani vikosi vya watu, njano mitambo kama buldoza. Kijivu ni vichwa vya safu. Gari likifika mlangoni linaandikiwa kadi: namba, idara, kiongozi, watu wangapi, limeondoka kwao saa ngapi. Kadi inakwenda safu ya "tayari". Likipangiwa kazi, mkono wa mtu unaichomoa na kuihamishia kwenye safu ya kitengo lilikopelekwa. Likiharibika, kadi inahama tena.

Uzuri wake ni kwamba ukisimama mita tano kutoka ubaoni unaona waridi zimejaa upande wa kushoto na kijani hakuna hata moja, ukajua una magari mengi na huna watu wa kuingia kwa miguu. Hakuna ripoti itakayokuonyesha hilo kwa haraka hiyo. Umeme ukikatika, ubao bado unasomeka kwa tochi. Udhaifu wake ni mmoja: unaonekana na waliomo chumbani tu. Jirani yako mwenye upungufu wa watu hauoni.

AfandeKimya

Nimesoma kimya kimya, naomba niseme ukweli ambao wengi wetu tunaufahamu. Tatizo la kugawana sio ubao wala programu. Tunaficha.

Mimi nikitangaza kwamba nina magari sita mazima, kesho yameazimwa manne. Keshokutwa kwangu kukitokea ajali, wananchi hawatamuuliza aliyeazima, wataniuliza mimi. Na yale manne yakirudi, moja halina spea tairi na jingine mafuta yako kwenye mstari mwekundu. Kwa hiyo nasema nina matatu. Mwenzangu naye anasema ana mawili. Ukijumlisha uongo wetu wote unapata hiyo "vifaa havitoshi" ya mkuu hapo juu.

Kifaru_wa_Chuma

Afande umeua. Uzi ufungwe 😂

ZamuYaUsiku

Usifungwe, hapo ndipo penyewe.

Afande, unachofanya ni akili, sio ubaya. Mtu haazimi kitu kama hajui kitarudi lini, nani atalipa kikivunjika, na nani atambeba kijana wake akiumia. Ukitaka asifiche, maswali hayo yajibiwe kabla ya moto.

Mfano mzuri ni EMAC, mkataba wa majimbo ya Marekani wa kusaidiana wakati wa dharura. Chimbuko lake ni kimbunga Andrew cha 1992, na bunge la Marekani liliuridhia mwaka 1996. Leo majimbo yote 50 yamo. Ndani yake mmeshakubaliana: anayeomba ndiye anayelipa, mfanyakazi aliyeazimwa anabaki na bima ya kwao, leseni ya muuguzi au fundi wa jimbo moja inatambulika jimbo lingine kwa muda wa dharura. Halafu kuna kipengele ambacho kwako, Afande, ni dawa: jimbo linalosaidia linaruhusiwa kubakiza vya kutosha kwa ulinzi wa watu wake. Yaani huhitaji kusema una matatu. Unasema nina sita, naweza kutoa mawili, na hakuna atakayekuita mchoyo.

Mwaka 2005, kwa vimbunga Katrina na Rita, zaidi ya watu 65,000 walikwenda kusaidia kupitia mkataba huo. Mambo mengi yaliharibika mwaka ule, kila mtu anajua, ila huwezi kuhamisha umati huo kwa kupigiana simu na kubembelezana.

Ulaya nao wana utaratibu wao tangu 2001, na kituo kimoja Brussels kinachofanya kazi saa 24 kupokea maombi. Mwaka 2018 misitu ya Sweden ilipowaka, Poland peke yake ilipeleka wazimamoto 139 na magari 44 kwa msafara wa barabara. Ombi lilipita kituoni, kila nchi ikasema inachoweza kutoa, Sweden ikachagua. Tazama mpangilio huo: anayetoa ndiye anayetaja kiasi.

DadaWaMapokezi

Habari za humu. Mmeongea magari tu, niwaletee upande wa hospitali maana na sisi tumo kwenye mnyororo.

Kitanda. Kila dharura kubwa napigiwa: "mna vitanda vingapi?" Kitanda ni chuma na godoro. Nikikutajia ishirini wakati wauguzi niliobaki nao usiku ni wawili, nimekudanganya. Kwetu kinachohesabika ni kitanda chenye mtu wa kukihudumia, na hata hapo lazima utenganishe: cha mtu mzima, cha mtoto, cha mgonjwa wa kuungua, chenye mashine ya kupumulia. Timu za matibabu za dharura za WHO wameliweka vizuri: timu ya daraja la 2 lazima iwe na angalau vitanda 20 vya kulaza na iweze kufanya upasuaji mkubwa 7 kwa siku. Hakuna anayetajiwa idadi ya mahema.

La pili, gari la wagonjwa likishusha mgonjwa kwetu huwa halijamaliza. Kama chumba cha dharura kimejaa, wale vijana wanasimama koridoni na machela yao, wanasubiri kumkabidhi. Kwenye ramani yenu wako "hospitali". Mnadhani wanatoka muda si mrefu, kumbe machela yao ina mtu na hatuna pa kumweka. Mnaona magari matano yamejikusanya sehemu moja mnawakasirikia madereva. Pigeni simu ndani.

ZamuYaUsiku

Dada, hili la machela ningependa libandikwe juu ya uzi. Kwenye ubao wetu gari hilo lingekuwa kwenye safu ya waliopewa kazi na kila mtu angeridhika.

Bwana_Mkia

Swali la mchokozi: vipi wale wanaokuja bila kuitwa? Tukio likitangazwa kila mwenye king'ora anawasha.

ZamuYaUsiku

Hao ni mtihani kuliko wanaokosekana.

Septemba 11, 2001, New York: wazimamoto wengi walikuja kwa moyo wao, wengine zamu yao imeisha, wengine wakapanda magari yaliyokwishajaa. Wengi hawakupita kituo cha kujiandikisha. Siku ile walikufa wazimamoto 343, na kujua nani alikuwa ndani ya jengo gani likawa jambo gumu kupindukia. Helikopta za polisi nazo ziliona hali ya minara ya World Trade Center kutoka juu, lakini taarifa zao hazikuwafikia makamanda wa zimamoto, maana kila upande ulikuwa na redio yake.

Dawa yake ni nyepesi kuitamka na ngumu kuisimamia: asiyejiandikisha hapewi kazi. Hata awe bingwa, hata awe na cheo kuliko aliye mlangoni. Anaelekezwa eneo la kusubiria, anaandikiwa kadi, anasubiri. Wenye vyeo ndio wasumbufu zaidi hapo, tusidanganyane.

Nukta7

Nimeelewa somo la karatasi, ila nisiondoke mikono mitupu. Kwa wenzangu waandika programu: tatizo la ubao kutoonekana na jirani lina ufumbuzi unaoeleweka. Kuna kiwango cha wazi cha ujumbe wa kugawana vifaa, EDXL-RM, kilichopitishwa na OASIS, shirika la viwango vya data, mwaka 2008. Hakikulazimishi utumie programu moja na jirani yako. Kinapanga aina 16 za ujumbe: kuomba, kujibu ombi, kuthibitisha kwamba kifaa kimetengwa, kuuliza gharama, kuomba kuongezewa muda, kuachia, kudai kirudishwe.

Kinachonifurahisha ni kwamba kuna ujumbe maalumu wa kutoa msaada ambao haujaombwa. Kwa hiyo yule wa Bwana_Mkia anaweza kujitangaza bila kuwasha king'ora. Na "nimekubali ombi lako" ni tofauti na "kifaa kimetengwa". Nimeona mifumo ya kienyeji inayochanganya hayo mawili, matokeo yake gari moja linaahidiwa sehemu mbili na kila upande una uthibitisho mkononi.

MzeeWaPori

Mmesahau kurudi. Kila mtu anapenda kupeleka, hakuna anayependa kurudisha.

Moto ukishapungua kila mmoja anataka kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Kamanda mzuri hawaachii hivyo. Anaangalia nani amekaa muda mrefu, nani ana safari ndefu, na nani anahitajika kwao. Kwenye mioto ya porini Marekani kikosi hakipaswi kuzidisha siku 14 kazini bila kuhesabu safari, na kwa kila saa mbili za kazi au safari panatakiwa saa moja ya kupumzika. Ukimwachia dereva saa nne usiku baada ya zamu ndefu, umemtoa kwenye moto ukamkabidhi barabara.

Na kabla hajaondoka apite kwa watu wa stoo. Kuna fomu ya kutoka, ICS 221. Kila kitengo kinasaini: mawasiliano wamepokea redio zao, stoo wamepokea mipira, fundi ameangalia gari. Mitungi ya hewa ndiyo inayochanganyika kuliko kitu chochote. Unakuta wa presha ya bar 200 umerudi na watu wenye vifaa vya bar 300, na mwenyewe yuko kilomita mia mbili. Andika alama ya idara yako kwenye kila mtungi kwa rangi isiyofutika, kwenye shingo na kwenye kitako.

AfandeKimya

Mzee umegusa kidonda changu. Spea tairi yangu nadhani bado inasafiri.

Swali la mwisho kwa mkuu. Sisi wadogo, bila programu, bila mkataba wa kurasa arobaini, tunaanzia wapi?

ZamuYaUsiku

Afande, anza na karatasi moja kwa kila jirani. Kwa kila kifaa andika daraja lake, kinaendeshwa na watu wangapi, kinahitaji nini ili kifanye kazi (mafuta gani, kiunganishi gani, plagi gani), na kinachukua muda gani kuondoka getini usiku. Usiku, sio mchana.

Chini yake weka jina la cheo cha anayeruhusiwa kukitoa, na namba ya simu ya zamu. Usiweke ya mtu binafsi, atahamishwa. Watu wengi wana orodha ya vifaa na hawana orodha ya ruhusa. Saa tisa usiku unampata mlinzi mwenye funguo, anakuambia gari lipo, zima kabisa, lakini bosi amezima simu.

Halafu kila zamu inapobadilishana, anayeingia anampigia jirani na kuuliza swali moja: kuna kilichobadilika? Ukipokewa na mtu anayesema "ngoja nimuulize mwenzangu", mpe muda akaulize, usikate. Huyo anakwenda kuangalia gari kwa macho yake.

DadaWaMapokezi

Na hospitali tupigiwe pia kwenye hiyo simu ya zamu, msitusahau. Namba ya mapokezi, sio ya mganga mkuu.

ZamuYaUsiku

Imeandikwa, dada. Mambo ya redio na masafa nitayafungulia uzi wake, maana hapo kuna ugomvi mwingine kabisa.